Siku Tisa Dar, Mwaka Mmoja Singida

Tunu Kondo alivaa gauni lake la Idi siku aliyokwenda kuonana na yeye mwenyewe. Baba yake, Mzee Kondo Pazi, alikuwa ameketi karibu na dirisha la nyumba yao, ghorofa ya thelathini na sita. Alimtazama akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi.

"Umejipamba kama mtu anayekwenda kuposwa," alisema alipopata pumzi.

"Baba, mwenzangu amekaa mwaka mzima hajaniona. Nimwendee kama nimetoka kufua?"

"Kwani hajui ulivyo?"

"Anajua. Ndiyo maana najipamba."

Alimsogezea baba yake dawa ya kuvuta, akahakikisha kipoza hewa kinafanya kazi, akatoka. Mzee Kondo alikuwa refa wa mpira kwa miaka ishirini na miwili, mtu wa mbio. Sasa miezi mitano ilikuwa imepita hajakanyaga ardhi. Joto la Dar es Salaam miaka hiyo halikushuka hata alfajiri, na unyevu wake ulimkalia kifuani kama blanketi lililolowa. Daktari alisema bila kuzunguka: mpelekeni bara penye hewa kavu, lakini si porini, mji wenye hospitali ya kueleweka. Tunu alichagua Singida.

Kuchagua kulikuwa rahisi, kuingia ndiko kulikokuwa na shughuli. Miji ya wastani ilikuwa imeona yaliyoipata Dar, ikaapa kutojaa hovyo. Singida ilipokea kaya mia tatu tu kwa mwaka. Na ili watu wasihamie wakarudi wakilia baada ya miezi miwili, Ofisi ya Makazi ilimpa kila mwombaji mwigo wake. Majuma mawili Tunu alilala na kofia ya nyuzi kichwani. Mchana alijibu maswali mpaka akachoka: anaogopa nini, anacheka nini, akigombana huwa anaanza vipi na anamaliza vipi. Kutokana na hayo akatengenezwa Tunu wa pili, akaachiwa aishi katika Singida ya Mfano, mji ulioundwa mzima ndani ya mitambo. Wahandisi waliutumia kujaribu mabomba na barabara kabla ya kuchimba mtaro hata mmoja. Huko mwaka mzima hupita kwa siku tisa za huku.

Siku ya tisa ilikuwa leo.

*

Afisa aliyempokea aliitwa Bwana Kitundu, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa Iramba, mwenye kipara kinachong'aa na sauti ya mtu asiyependa kugombana.

"Karibu, dada Tunu. Mwigo umerudi salama. Una saa moja ya kusikiliza taarifa yake. Ukimaliza, unaweka kidole hapa, mwigo unafungwa, kibali kinatoka. Na kumbuka, kibali hiki kina haki ya kurudi. Nyumba yenu ya hapa inatunzwa mwaka mzima. Mkishindwa huko, mnarudi."

"Ndiyo nilichokifuata hicho," alisema Tunu. "Baba yangu hajawahi kuishi nje ya Dar hata juma moja."

Akaingia kwenye chumba kidogo chenye kioo kipana ukutani. Kioo kikawaka, na ndani yake akatokea mwanamke aliyevaa kitenge cha manjano, amefunga kilemba, mashavu yamepata rangi ya jua. Alikuwa Tunu, ila mabega yake yalikuwa yameshuka, kama ya mtu aliyetua mzigo.

Wakatazamana. Wa kwanza kusema alikuwa Tunu.

"Sasa nikuamkie? Umenizidi mwaka."

"Niamkie tu."

"Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu," alijibu mwigo, na wote wawili wakaangua kicheko kilekile, cha kuanzia puani. "Jamani, gauni la Idi! Nilijua tu utalivaa."

"Haya, nieleze. Usinifiche."

"Nianze na mabaya?"

"Anza na mabaya."

Mwigo akavuta pumzi. "Upepo. Wanakwambia upepo, unadhani ni upepo. Unaanika shuka, unakwenda kulichukua kwa jirani wa tatu. Halafu watu wanajua kila kitu. Asubuhi nilinunua dawa ya minyoo, jioni mwenzangu wa mtaa wa nyuma akaniuliza tumbo linaendeleaje. Mtaalamu wa kifua ni mmoja tu, na akienda likizo mnamsubiri. Nazi ni ya kutafuta, na ukiipata, bei yake unaipigia hesabu mara mbili. Baba aligoma kula siku nzima kwa sababu ya wali usio na tui. Na mwezi wa pili nililia, Tunu. Si kidogo. Nilikuwa sina mtu wa kumwambia neno akacheka kabla sijalimaliza. Mpaka leo wananiita yule dada wa pwani."

"Na kazi? Mji mzima una lifti kumi na tisa, nilihesabu kwenye ramani. Nitatengeneza nini?"

"Hesabu tena. Ile minara ya upepo nje ya mji unadhani mafundi wanaipandaje? Kila mnara una lifti tumboni. Iko zaidi ya mia mbili, na mafundi walikuwa wanne. Siku ya kwanza walinipokea kama mvua." Akainama mbele, macho yakiwaka. "Kazini natembea dakika kumi na moja. Mchana narudi nyumbani nakula na Baba. Unasikia? Mchana, jua likiwa juu, nakula na Baba. Anashuka uwanjani mwenyewe, anakaa nyuma ya goli kuwazomea marefa wa huko. Wanamkimbia."

Tunu alishika mdomo. Tangu baba yake augue hakuwa amemwona akizomea kitu chochote zaidi ya runinga.

"Kwa hiyo ananenepa? Kifua chake—"

"Anapumua. Siyo kila siku, lakini anapumua. Lakini yule ni baba wa mfano, Tunu, ametengenezwa kwa vyeti vya daktari na maneno yako. Wako anaweza kuwa tofauti. Sitaki kukudanganya."

"Basi nihame au nisihame?"

"Hilo siwezi kukujibu. Mimi nilipapenda baada ya kulia. Wewe sijui utalia kwa muda gani."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano. Mwigo alitazama pembeni, akapapasa pindo la kitenge. Tunu aliijua ishara hiyo. Yeye mwenyewe huifanya anapotaka kuomba ruhusa kazini.

"Sema," alimwambia.

"Nina ekari mbili za alizeti. Nimelima mwenyewe, nimepalilia mwenyewe. Zimeshainamisha vichwa, bado majuma matatu tu nivune. Na Jumamosi kuna harusi mtaani, nimepewa pilau la watu mia mbili. Wamenikabidhi mimi, dada wa pwani, wakawaacha wapishi wao. Nilipoitwa huku nilikuwa naosha mchele. Najua mimi ni nani. Nilijua tangu siku ya kwanza, maana nakumbuka nilivyotia kidole kwenye maombi, kama ulivyotia wewe. Lakini unapika, unafua, unagombana na watu, mnapatana, unasahau. Tunu, sitaki kufungwa."

*

"Kufungwa maana yake nini hasa?" Tunu alimwuliza Bwana Kitundu nje ya chumba.

Afisa alijikuna kipara. "Kufutwa."

"Na kwa nini lazima?"

"Sheria haitaki mtu mmoja awe na nafsi mbili zenye jina moja na kitambulisho kimoja. Kibali kinatoka kwa Tunu mmoja. Kwa hiyo mmoja lazima afungwe ndipo mwingine ahame."

"Wengine huwa wanaomba? Miigo mingine?"

Bwana Kitundu aliutazama mlango wa chumba. "Mingi hutoa taarifa ikashukuru. Miwili mitatu hulia. Wako ni wa kwanza niliousikia ukitaja pilau." Akatazama saa. "Naweza kuahirisha mpaka kesho saa nne asubuhi, na saa za mji wake zimesimamishwa tangu alipoitwa. Zaidi ya hapo nafasi yenu inakwenda kwa kaya nyingine."

Jioni ile Tunu alimsimulia baba yake yote, tangu upepo mpaka alizeti. Mzee Kondo alisikiliza huku akimenya chungwa kwa kisu, ganda likitoka kamba moja ndefu.

"Ni picha hiyo, mwanangu," alisema mwishowe. "Picha inayosema. Tia kidole tuondoke."

"Picha haiombi, Baba."

"Redio nayo huomba. Kila siku inaniomba ninunue sabuni."

Tunu alitaka kucheka, akashindwa. "Lifti ikikwama, napigiwa simu. Nikifika sijui ndani kuna nani. Hata kama ni mtu aliyenitukana jana, hata kama sina hakika kuna mtu, nikisikia mlango umegongwa kwa ndani, nafungua. Siulizi kwanza. Leo nimesikia mlango umegongwa."

"Na mimi ninayekohoa?"

"Ndiyo maana nimekaa hapa sijui la kufanya."

Baba yake alikata chungwa vipande viwili, akampa kimoja. Wakala. Kisha Mzee Kondo akajipangusa mikono.

"Kesho nakwenda na wewe."

"Ghorofa thelathini na sita, Baba, na joto lote lile?"

"Lifti si unaitengeneza wewe? Au hujiamini?"

*

Asubuhi walikwenda taratibu, wakipumzika kila penye kivuli. Mzee Kondo alivaa kanzu nyeupe na koti, akaingia ofisini akihema lakini kichwa kiko juu. Bwana Kitundu akasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Huyo binti yuko wapi?"

"Binti yako... huyu hapa, Mzee."

"Yule mwingine."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi za taarifa, na Mzee Kondo alizitaka zote peke yake. Mlango ukafungwa. Tunu alibaki kwenye benchi, akisikia sauti bila maneno: sauti ya baba yake, kisha kimya, kisha sauti yake mwenyewe, kisha kicheko kikubwa na kikohozi, kisha kicheko tena. Ilikuwa ajabu kumsikia baba yako akicheka na wewe wakati uko nje.

Alipotoka, macho yake yalikuwa na unyevu, na midomo ilikuwa inajizuia.

"Kumbe ulimng'ata mtu," alisema.

Tunu alihisi damu ikimpanda usoni. "Amekwambia?"

"Nilimwuliza swali ambalo hakuna kofia iliyokuuliza. Nilimwambia: siku ile ya fainali nilipokataa goli, ulikuwa na miaka tisa, ulipotea uwanjani tukakutafuta saa mbili. Ulikuwa wapi? Miaka thelathini na miwili unaniambia ulipotea. Yeye akasema hakupotea. Alijificha chini ya jukwaa kwa sababu kuna mwanamume alinitukana, akamng'ata mkono, akaogopa polisi!"

"Alikutukania mama yako, Baba. Ningefanyaje?"

"Anasema huko alishamwambia yule baba wa huko, siku moja wakila mchana, wakacheka siku mbili." Mzee Kondo akaketi kwenye benchi, akamshika mkono. "Kwa hiyo kuna mimi mwingine ananitangulia kwa habari zangu mwenyewe. Nimeona wivu, mwanangu. Huwezi kumwonea wivu mtu wa picha." Akamgeukia afisa. "Bwana Kitundu, tukivunja maombi kabla ya kutia kidole, yule anafanywaje?"

Bwana Kitundu alifungua sheria kwenye kioo cha mezani, akasoma, akarudi juu, akasoma tena. Kichwa chake kikaanza kutoa jasho.

"Sheria inasema mwigo hufungwa taarifa inapopokelewa. Maombi yakivunjwa, taarifa haijapokelewa. Haisemi zaidi. Maana hakuna aliyewahi kuvunja maombi akiwa amefika hapa." Alifikiri. "Hana mwombaji, kwa hiyo si mwigo wa mtu. Anabaki mkazi wa mji wa mfano. Wahandisi wanauendesha mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya mabomba yao. Mkazi mmoja hauongezei mzigo hata wa punje."

"Na wakija kuuzima mji huo?" aliuliza Tunu.

"Hawawezi kuuzima leo wala mwakani. Baada ya hapo, siwezi kukuahidi, dada. Hata huku nje hakuna anayeahidiwa zaidi ya hapo."

"Na sisi?"

"Ninyi mnaomba kwa njia ya zamani, ya kabla ya miigo, bila taarifa. Kibali mtapata, nafasi kumi na nne za njia hiyo bado ziko. Lakini nyumba mtapewa zilizokataliwa na wengine. Na haki ya kurudi hamna. Siku mnayopanda treni, nyumba yenu ya Dar inapewa mtu mwingine." Alimtazama Mzee Kondo kwa huruma. "Mkishindwa, Mzee, hakuna pa kurudia."

Tunu alimtazama baba yake, akaona jinsi kola ya kanzu ilivyolowa, jinsi kifua kilivyokuwa kikipanda na kushuka kwa shida baada ya mwendo mfupi ule. Alitaka kusema basi, tutie kidole.

"Baba, wewe ndiye utakayepata taabu. Sema wewe."

"Nimechezesha mechi mia nne na zaidi," alisema Mzee Kondo. "Nimeonywa, nimetishwa, nimewahi kuletewa mbuzi nyumbani. Sikuwahi kumtoa mchezaji uwanjani kwa sababu kumtoa kungenifaa mimi. Nianze uzeeni? Vunja."

Tunu akavunja. Ilikuwa kubonyeza mara mbili tu. Bwana Kitundu akampa dakika moja kwenye kioo, "ya kurekebisha kumbukumbu," alisema, huku akigeuka kutazama ukuta.

Mwigo alikuwa amesimama, mikono kifuani.

"Rudi," Tunu alimwambia. "Mchele wako umelowa kupita kiasi sasa."

Machozi yakamtoka mwigo, na Tunu naye yakamtoka.

"Na ninyi?"

"Tunakuja kwa mlango mwingine."

"Tunu! Ukikuta kuna—"

"Usiniambie!" Tunu alicheka huku analia. "Mengine niache niyakute mwenyewe."

*

Walipewa nyumba chini ya mawe makubwa upande wa ziwani, nyumba iliyokataliwa mara tano. Siku ya kwanza walielewa kwa nini. Upepo ulipita kati ya mawe mawili ukapiga mluzi kama birika linalochemka, asubuhi mpaka jioni. Mzee Kondo alisema hawezi kulala. Usiku wa pili alilala mpaka saa mbili asubuhi, na Tunu alikwenda mara tatu kumsikiliza mlangoni, akidhani kuna jambo. Alikuwa anakoroma tu.

Si kwamba alipona. Siku ya nne vumbi lilimkaba wakakimbilia hospitali, wakakuta mtaalamu kasafiri, wakahudumiwa na muuguzi mkali aliyewafokea kwa kutofunga madirisha. Tunu alirudi nyumbani akajifungia bafuni akalia kidogo, maji yakiwa yamefunguliwa ili baba yake asisikie. Akaosha uso, akaenda sokoni.

Kwenda alifika. Kurudi akapotea. Vichochoro vya mtaa ule vilizunguka mawe, na kila jiwe lilifanana na lenzake. Alipita mara ya tatu mbele ya duka moja la mafuta ya alizeti, na mara hiyo mwenye duka, mwanamke mnene aliyekuwa akinyonyoa kuku mlangoni, akamwita.

"Wee dada! Unafanya mazoezi au umepotea?"

"Nimepotea, mama. Nakaa kwenye ile nyumba inayopiga mluzi."

"Ahaa! Ninyi ndio mlioichukua!" Mwanamke akasimama, akapangusa mikono, akamshika kuku wake miguu. "Mimi Mama Ntandu. Twende nikupeleke."

"Duka je?"

"Linajulikana ni la nani. Twende."

Wakaongozana, duka limeachwa wazi, kuku ananing'inia nusu kanyonyolewa. Njia nzima Mama Ntandu aliuliza. Ana watoto wangapi? Hana? Mume je? Aliachana naye kwa nini? Mzee anaumwa nini, na nani aliwaambia wafungue madirisha mchana? Tunu alijikuta anajibu. Kwa swali la mume alijibu mpaka mambo ambayo hakuwahi kumwambia hakimu, na Mama Ntandu akasimama katikati ya njia kucheka, akimshika bega asianguke.

Walipofika, Mzee Kondo alikuwa kibarazani, mgongo kwenye ukuta wenye jua, akipumua kwa pua, mdomo umefungwa. Mama Ntandu alimwamkia, akapita moja kwa moja mpaka jikoni, akafunua sufuria, akanusa.

"Mnapika wali mweupe hivi hivi? Leteni maji ya moto nimalize kuku wangu." Akakunja mikono ya gauni. "Mlikuja kwanza kupaona kabla ya kuhamia?"

"Hapana," alisema Tunu. "Hatukuwahi kufika."

"Hata kidogo? Mkafunga mizigo tu?"

"Tukafunga mizigo tu."

"Na mmepapenda?"

Tunu alimtazama baba yake, kisha akatazama kuku, kisha huyu mtu aliyekuwa tayari anatafuta chumvi kwenye kabati lake bila kuuliza.

"Bado sijajua," alisema.

Mama Ntandu akatikisa kichwa kwa kukubali, kana kwamba hilo lilikuwa jibu la busara kuliko yote aliyoyasikia siku ile.

"Basi tule kwanza," alisema. "Kisu kiko wapi?"